Dan: Neno la Herufi Tatu na Ukurasa Wake

Kuna swali ambalo wahariri wa kamusi elezo hulibishania kwa ukali kuliko vile mtu wa nje angetarajia. Neno fupi la ufundi, tena la kigeni, lipewe makala yake lenyewe, au lifinywe kwenye mstari mmoja ndani ya makala ya kitu kikubwa zaidi? Chukua neno dan. Ni la Kijapani, lina herufi tatu, na ukimuuliza mtoto yeyote anayefanya karate Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa atakujibu bila kupumua: dan ni daraja la mwenye mkanda mweusi. Dan ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kumi. Story imeisha. Sasa makala ya nini?

Mimi nasema linastahili makala, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuwape haki yao wanaosema hapana, kwa sababu hoja zao si za kijinga.

Hoja ya kwanza inatokana na kanuni ya zamani ya Wikipedia kwamba yenyewe si kamusi. Kazi ya kamusi ni kukupa maana ya neno. Kamusi elezo inakupa habari za kitu. Kama kila neno linalotamkwa ndani ya ukumbi wa judo lingepata ukurasa, tungekuwa na makala ya hajime, ambalo ni "anza", na makala ya matte, ambalo ni "ngoja". Refa anayasema mara mia kwa siku, mchezaji anatii, basi. Hakuna cha kueleza zaidi. Hoja ya pili ni kwamba dan tayari inatajwa kwenye makala ya judo na ya karate, kwa hivyo kuipa ukurasa ni kurudia. Ya tatu haisemwi sana kwa sauti, lakini iko: mashabiki wa kila mchezo wanafikiri msamiati wao ni historia ya dunia. Leo ni karate, kesho ni watu wa mchezo wa pool.

Nakubali zote tatu kama kanuni. Ninachokataa ni kuzitumia kwa neno hili. Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna kipimo kizuri mkononi, kimefichwa ndani ya jina lenyewe. Kamusi elezo. Neno la kwanza linatoa maana, la pili linadai kazi ya ziada. Hebu uliza hivi: baada ya kusema "dan ni daraja", je, kuna kitu kimebaki ambacho kinahitaji kuelezwa? Kama hakuna, tufunge ukurasa. Kama kipo, na hakiingii vizuri kwenye ukurasa wa mtu mwingine, basi neno limejipatia nyumba.

Tuanze pale ambapo dan haikuwepo.

Japani ya enzi ya Tokugawa, kuanzia 1603 hadi 1868, ilikuwa na mamia ya shule za kupigana: za upanga, za mkuki, za upinde, na za kushikana na kuangushana zilizoitwa jujutsu. Kila shule iliendeshwa kama ukoo. Mwalimu mkuu alirithi mbinu kutoka kwa aliyemtangulia, akazilinda, na mwanafunzi aliyeiva alipewa gombo. Kulikuwa na mokuroku, ambalo ni orodha ya mbinu ulizofundishwa. Kulikuwa na menkyo, kibali. Na kulikuwa na menkyo kaiden, kibali cha mwisho, kinachosema kwamba huyu amekabidhiwa kila kitu, pamoja na siri. Kati ya gombo moja na lingine ingeweza kupita miaka mingi. Hukuwa na mkanda wa kuonyesha kiunoni. Mgeni akiingia ukumbini hakuwa na njia ya kujua nani ameanza jana na nani ana miaka 15. Na gombo la ukoo mmoja halikuwa na uzito wowote kwa ukoo mwingine.

Wakati huo huo, katika kona nyingine kabisa ya maisha ya Wajapani, watu walikuwa wameketi mbele ya ubao wakicheza Go, mchezo wa mawe meusi na meupe uliotoka China. Serikali ya Tokugawa iliupenda mchezo huu kiasi cha kuzilipa posho nyumba nne za wachezaji: Honinbo, Inoue, Yasui na Hayashi. Honinbo Dosaku, aliyeishi kuanzia 1645 hadi 1702, ndiye anayetajwa kuwa aliwapanga wachezaji kwa dan, kutoka ya kwanza mpaka ya tisa. Dan ya tisa ilikuwa ya meijin, bingwa wa mabingwa, na kwa wakati mmoja alikuwepo mmoja tu.

Hii haikuwa mapambo. Katika Go, mchezaji dhaifu anaweza kupewa mawe ya ziada ubaoni kabla mchezo haujaanza, ili mechi iwe na maana. Tofauti ya dan kati ya wachezaji wawili ndiyo iliyoamua msaada huo uwe kiasi gani. Dan ilikuwa kipimo, kama mizani ya sokoni: inakuambia wewe na huyu mko mbali kiasi gani. Linganisha na bao letu la pwani. Pale mchezaji mkali anaitwa fundi au bingwa, na jina hilo analipewa na wanaomtazama barazani. Hakuna karatasi wala namba. Wajapani wa Go walichukua sifa ya aina hiyo wakaitia namba.

Kwa hivyo neno ambalo leo linatufanya tufikirie mateke na makelele lilizoea kwanza ukimya wa watu wawili na ubao. Hapa tayari hoja ya "liweke ndani ya makala ya judo" imeanza kuyumba. Utalitia vipi ndani ya judo neno ambalo lina karne mbili zaidi ya judo?

Judo yenyewe ilianza 1882. Kano Jigoro alikuwa kijana wa miaka 21, amemaliza Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka uliotangulia, na alikuwa amejifunza mitindo miwili ya jujutsu: Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu. Alifungua ukumbi katika hekalu la Eishoji, Tokyo, wenye mikeka 12 na wanafunzi wachache sana, akauita Kodokan. Mwaka uliofuata, 1883, aliwapa wanafunzi wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro, kitu ambacho shule ya kupigana haikuwa na desturi ya kutoa. Aliwapa shodan, dan ya kwanza.

Fikiria alichofanya. Angeweza kuandika magombo kama walimu wake. Badala yake alichukua ngazi ya mchezo wa ubao akaisimamisha ndani ya ukumbi wa kuangushana. Sababu yake ilikuwa ya kimalezi: aliona hatua za magombo ziko mbali mno, mwanafunzi anakata tamaa njiani. Ngazi yenye vipandio vingi inamfanya mtu aendelee kupanda. Miaka michache baadaye, bado katika miaka ya 1880, wenye dan wakaanza kuvaa mkanda mweusi. Kwa mara ya kwanza daraja la mpiganaji lilionekana kwa macho kutoka mlangoni.

Huyu hakuwa mtu wa vita. Alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha serikali cha kufundisha walimu pale Tokyo. Japani yake ilikuwa imetoka tu kupitisha sheria ya elimu ya 1872, iliyoanzisha shule mpya zenye madaraja na mitihani ya kupandia. Hata neno kyu, linalotumika kwa madaraja ya chini kabla ya dan, lilikuwa neno la darasani. Kwa hivyo ukisema "dan", umetaja mahali ambapo ubao wa Go ulikutana na darasa la shule ya kisasa, juu ya mwili wa mtu anayejifunza kuanguka bila kuumia. Sijui maneno mengi ya herufi tatu yenye mzigo huo.

Halafu neno likaanza kusafiri.

Mwaka 1895 iliundwa Kyoto jumuiya ya kitaifa ya sanaa za mapigano, Dai Nippon Butokukai, nayo ikaja kuwa na mamlaka ya kutoa madaraja nchi nzima. Watu wa panga, yaani kendo, wakaingia kwenye ngazi ya dan. Kufikia 1931 judo na kendo zilifanywa masomo ya lazima kwa wavulana wa shule za kati. Ngazi ya Kano, iliyobuniwa kumtia moyo mwanafunzi, sasa ilikuwa karibu na serikali, na serikali hiyo ilikuwa njiani kuelekea vitani.

Karate iliingia baadaye, na hapa wengi hushangaa. Huko Okinawa karate ilikotoka hakukuwa na dan wala mkanda wa rangi. Watu walifundishwa uani, usiku, na mwalimu alikujua wewe ni nani. Mwaka 1922 mwalimu wa shule kutoka Okinawa, Funakoshi Gichin, alikuja Tokyo kuonyesha karate, na Kano akamwalika aionyeshe Kodokan. Miaka miwili baadaye, Aprili 1924, Funakoshi alitoa dan za kwanza za karate. Alikuwa amechukua pia sare nyeupe ya aina ya judo. Elewa hali yake: anatoka kisiwa ambacho Japani ilikimeza rasmi 1879, analeta sanaa ambayo jina lake wakati ule liliandikwa kwa alama zenye maana ya "mkono wa Kichina". Ili akubalike alihitaji vazi linalofahamika na ngazi inayofahamika. Dan ilikuwa kama kitambulisho cha kuingilia mjini.

Korea ilipata neno hilo kwa njia ngumu zaidi. Japani iliitawala kuanzia 1910 hadi 1945, na judo na kendo ziliingia na utawala huo. Wakorea walipokuwa huru walijenga sanaa yao, taekwondo, ambayo leo ni ya Olimpiki na inafundishwa hata mitaani kwetu. Ngazi yake? Dan. Na chini ya dan kuna geup, ambayo ni alama ile ile ya kyu ikisomwa Kikorea. Mkoloni aliondoka, ngazi ikabaki, na baada ya muda ikawa yao. Sisi tunaelewa jambo hili bila kuelezwa. Angalia mitihani yetu, mahakama zetu, hata sare za shule. Kuna vitu vinavyoingia na bunduki halafu wenyeji wanavikalia mpaka vinabadilika sura.

Mwaka 1946 Marekani, iliyokuwa ikiikalia Japani baada ya vita, ilihakikisha Butokukai imevunjwa. Jumuiya iliyokuwa ikitoa dan ilikufa, dan yenyewe haikufa. Vyama vipya vikazaliwa, cha kendo 1952, na kila kimoja kikaendelea kutoa dan zake. Hii ndiyo sababu leo hakuna ofisi moja duniani inayomiliki neno hili. Dan ya nne ya chama hiki na dan ya nne ya chama kile zinaweza kuwa mbali kama Lamu na Lodwar. Ukiona bango la sensei mwenye dan saba, swali la maana ni: zimetolewa na nani?

Ulaya nako neno lilipata rangi. Mkanda wa njano, wa machungwa, wa kijani, wa buluu, hiyo ngazi ndogo inayowafurahisha watoto na kuwafilisi wazazi, haikutoka kwa samurai wowote. Ilikuzwa kwenye vilabu vya judo vya London na Paris katika miaka ya 1920 na 1930. Anayetajwa sana ni Kawaishi Mikinosuke, Mjapani aliyefundisha Paris, aliyeona kwamba wanafunzi wa huko wanataka kuona maendeleo yao mapema. Ni hoja ile ile ya Kano, imesukumwa hatua nyingine mbele.

Na hapa niseme kuhusu ile hadithi ya uchafu. Kama umewahi kufanya karate hapa Nairobi, kuna uwezekano mkubwa umeambiwa kwamba zamani mkanda haukufuliwa. Unaanza mweupe, jasho na vumbi vinaugeuza njano, nyasi zinaufanya kijani, damu na udongo vinaufanya kahawia, mpaka siku moja unakuwa mweusi. Hadithi tamu sana, na mimi niliisikia kutoka kwa mtu ninayemheshimu. Lakini haina msingi. Mkanda mweusi ulikuja kwa uamuzi wa Kodokan katika miaka ya 1880, na rangi za katikati zilikuja miongo kadhaa baadaye, tena ng'ambo. Tena fikiria kidogo: Wajapani na usafi wao, wavae mkanda unaonuka kwa miaka 10?

Hadithi hiyo ni hoja yangu nyingine kwa ajili ya makala. Mstari mmoja wa kamusi hauwezi kupambana nayo. "Dan: daraja la mkanda mweusi" haimkatazi mtu kuamini habari ya jasho na nyasi. Inahitajika nafasi ya kusema nani, wapi, mwaka gani. Pale ambapo kamusi elezo haiongei, ukumbi utaongea, na ukumbi unapenda hadithi tamu.

Lakini kama ningelazimika kutetea ukurasa huu kwa mtu mmoja tu, ningemtaja Fukuda Keiko.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1913. Babu yake, Fukuda Hachinosuke, ndiye aliyemfundisha Kano jujutsu ya Tenjin Shin'yo-ryu kabla judo haijakuwepo. Kodokan ilikuwa imefungua kitengo cha wanawake mwaka 1926, na Kano mwenyewe akamwalika mjukuu wa mwalimu wake aje kujifunza. Alijiunga 1935. Miaka mitatu baadaye Kano alisafiri hadi Kairo, kwenye mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na akafia melini Mei 1938 akiwa njiani kurudi nyumbani. Fukuda aliendelea.

Mwaka 1953 alipata dan ya tano. Kisha ngazi ikasimama. Si kwamba ujuzi ulikwisha. Kwa mwanamke, Kodokan haikuwa ikitoa zaidi ya hapo. Wanaume aliowazidi umri na ujuzi walimpita wakipanda. Yeye alifundisha, akasafiri, akahamia Marekani na kuweka makao yake San Francisco. Mkanda mweusi wa wanawake wa Kijapani ulikuwa na mstari mweupe katikati, kutoka ncha hadi ncha, ili hata ukiwa mbali ujue huyu ni mweusi wa aina nyingine. Ilichukua shinikizo la wanafunzi na marafiki zake, na miaka 19, mpaka 1972, ndipo yeye na mwenzake Noritomi Masako wakapewa dan ya sita.

Hakuishia hapo. Kodokan ilimpa dan ya tisa mwaka 2006, akiwa na zaidi ya miaka 90. Mwaka 2011 chama cha judo cha Marekani kilimpa ya kumi, kilele cha ngazi. Alifariki Februari 2013, akiwa na miaka 99. Kodokan yenyewe, katika historia yake yote, imewapa dan ya kumi watu 15, na wote ni wanaume.

Sasa niambie hayo yote utayaweka wapi. Kwenye makala ya judo? Yatakuwa aya ndogo kati ya sheria za mechi na orodha ya mbinu. Kwenye makala ya Fukuda? Ndiyo, lakini pale itaonekana kama balaa la mtu mmoja. Makala ya dan ndiyo mahali pekee ambapo msomaji ataona kwamba ngazi iliyojengwa ili watu wapande ilikuwa pia na dari, na kwamba dari hiyo iliwekwa na watu wenye majina na ofisi. Daraja lolote linalompa mtu heshima lina mtu anayeshika kalamu. Hiyo ni historia, na neno dan ndilo mlango wake.

Suala hili linanigusa kwa njia nyingine pia. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nimeishi miaka kadhaa katika nchi ambapo mtu anakuuliza "ulifika wapi?" na maana yake ni karatasi. Kwa Kiswahili karatasi hiyo inaitwa shahada, neno ambalo asili yake ni ushahidi: kuna watu wameshuhudia kwamba wewe unajua. Dan ukiitafsiri vizuri ni daraja, hatua, kipandio. Alama yake ndiyo inayopatikana pia ndani ya neno la Kijapani la ngazi za nyumba, kaidan. Na shodan, ile ya mkanda mweusi ambayo mtaani tunadhani ndiyo kilele, maana yake halisi ni hatua ya kwanza. Unapigana miaka minne, mitano, unafika, na jina la ulipofika ni "umeanza". Kwenye judo mkanda mweusi si hata rangi ya mwisho. Dan ya sita hadi ya nane wanaruhusiwa mkanda wa mistari mipana myekundu na myeupe, ya tisa na ya kumi mwekundu mtupu.

Sisemi Wajapani walikuwa na hekima ambayo sisi hatuna. Dan nayo imekuwa biashara, kuna kumbi zinazouza mitihani kama karanga, na makala nzuri ingelisema hilo bila kupaka mafuta. Nasema tu kwamba kati ya "ushahidi kwamba umemaliza" na "hatua ya kwanza" kuna tofauti ya mawazo, na neno linalobeba tofauti kama hiyo haliwezi kuelezwa kwa kisawe kimoja. Hata watu wa viwandani waliona kitu hapo. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Motorola ilianzisha mfumo wa kupunguza kasoro kazini unaoitwa Six Sigma, na leo kuna wahandisi na mameneja, wakiwemo wa Nairobi, wanaojitambulisha kwa mkanda wa kijani na mkanda mweusi bila kuwahi kumwangusha mtu.

Kwa wale wanaoona aibu kuweka maneno ya kupigana kwenye kitabu cha maarifa, niwakumbushe kwamba jambo hili si geni. Ensaiklopidia ya Diderot na d'Alembert, iliyoanza kutoka Ufaransa mwaka 1751, ina picha nyingi za kupigana kwa upanga mwembamba, hatua kwa hatua, zilizochukuliwa kutoka kitabu cha mwalimu wa upanga, Angelo. Nao Wajapani, walipokusanya ensaiklopidia yao kubwa ya mambo ya kale, Koji Ruien, iliyochapishwa kuanzia 1896 hadi 1914, waliwapa watu wa silaha sehemu yao nzima. Mbinu za mwili ni maarifa. Mtu akizikataa kwa sababu zinatoka jasho, hiyo ni ladha yake tu, isiitwe kanuni.

Kwa hivyo kipimo changu ni hiki, na kitawatupa nje wengi. Kwanza, neno liwe na historia yake, yenye watu na miaka, ambayo inaweza kuthibitishwa na walioandika bila kuuza ukumbi wao. Pili, lisiwe mali ya makala moja kubwa ambayo tayari ipo. Tatu, likiondolewa, kuna jambo kubwa tutashindwa kulieleza. Hajime linaanguka kwenye sharti la kwanza. Majina mengi ya mateke yanaanguka kwenye la pili, yanatoshea ndani ya karate bila shida. Dan inapita yote. Iko kwenye Go, judo, kendo, karate, taekwondo. Iko hata kwenye mitihani ya Kijapani ya kuhesabu kwa abakasi na ya kuandika kwa brashi. Hakuna nyumba hata moja kati ya hizo inayoweza kuilaza bila miguu kutokea nje.

Ningeiandika kwa Kiswahili namna hii: nianze na Go, sio na judo, ili msomaji ashtuke mapema. Kisha magombo, kisha 1883, kisha mkanda. Sehemu ya nne iwe safari: Okinawa, Korea, London, Paris. Ya tano iwe ya anayeshika kalamu: Butokukai, vyama vya baada ya vita, kitengo cha wanawake, Fukuda na miaka yake 19. Hadithi ya jasho na nyasi iwekwe mwishoni kwa aya mbili, kwa upole, kwa sababu wanaoiamini ni wengi na ni watu wazuri. Na kwenye sentensi ya kwanza kabisa, pale kamusi inapofanya kazi yake kabla elezo halijaanza, ningeandika tu: dan ni daraja la ujuzi katika michezo na sanaa za Kijapani na zilizotokana nazo, na la kwanza kati ya madaraja hayo huitwa shodan, yaani hatua ya kuanzia.